Tupeane uzoefu: kwenu mkate unalala wapi?

Bwana Harusi wa Tabata
Wakuu, salaam. Nimeoa, huu mwezi wa nne. Leo asubuhi nimekuta mkate ndani ya friji, umebanwa kati ya nyanya na chupa ya maji. Nikauliza kwa upole tu. Nikajibiwa, "Kwetu unakaa humo." Kwetu sisi unakaa kabati la vyombo, mdomo wa mfuko umekunjwa ukalaliwa na mkate wenyewe, basi. Nimekula slesi mbili kavu kama kadibodi. Sitaki ugomvi wa mkate ndani ya mwaka wa kwanza. Nyumbani kwenu ulikuwa unawekwa wapi, na nani aliamua?

Chuma cha Pua
Wa friji ni wa kuchovya tu. Ukiula mkavu utaomba maji.

Mama Shani
Umenirudisha Pangani kwa bibi. Kwetu mkate ulikuwa unaning'inia. Bibi alikuwa na susu jikoni, kamba ya usumba imefungwa kwenye boriti, chini yake kikapu cha ukili, ndani boflo limefunikwa kawa. Katikati ya ile kamba alizungushia kitambaa kilicholowa mafuta ya taa. Sisimizi wakishuka kutoka darini wanafika pale, wanapapasa papasa, wanageuza. Panya ndiyo kabisa. Sisi watoto tulikuwa hatukifikii kikapu mpaka upande juu ya kinu, na kile kinu ukikikanyaga kinagonga ukuta, mara unasikia bibi anakuita toka uani kwa jina lako lote mpaka la babu. Hadi leo nikinusa mafuta ya taa natamani mkate. Baba Shani anadhani nina ugonjwa.

Kisiwani
Nyie wa bara mna tabu. Kwetu Unguja boflo halilali. Asubuhi linanunuliwa la moto, jioni linanunuliwa jengine.

Chuma cha Pua
Hata tarehe 27?

Kisiwani
Tarehe 27 lile la jana linachovywa mayai linakaangwa. Kama kwenu hamjui, kaa kimya usome.

Njombe Baridi
Mimi kwetu mwezi wa saba mkate unakaa wiki nzima juu ya meza, haufanyi lolote. Nilipohamia Dar, siku ya tatu nikaukuta umeota manyoya ya kijani. Nikaenda kumgombeza mwenye duka kwamba kaniuzia wa zamani. Yule mama akaniangalia, akaniuliza, "Mwanangu, umetoka wapi?"

Fundi Friji
Mleta uzi, nipo kwenye kazi hii miaka mingi, sikiliza. Joto na unyevu wa Dar vinalea ukungu, kwa hiyo mkeo hajakosea kuogopa. Ila friji nayo inaukomaza mkate. Hata ukiufunga vizuri maji yasitoke, ule wanga uliolainika wakati wa kuoka unarudi kuwa mgumu, na baridi ya nyuzi 4 inaharakisha hilo kuliko mezani. Ukitaka ukae, uweke friza kabisa. Humo unasimama. Unatoa slesi unazotaka, unazipasha kwenye kikaango kikavu, zinalainika. Wa siku mbili weka kabatini. Friji ni ya nyanya.

Mama Shani
Friza kwa umeme upi, kaka? Jumamosi umekatika usiku, umerudi mchana. Barafu imeyeyuka, maji ya samaki yameingia kwenye mfuko, yakaganda tena. Jumatatu watoto wamekwenda shule wamekula slesi zenye ladha ya changu.

Fundi Friji
Hilo si kosa la friza, dada. Ni la mfuko. Funga miwili, na samaki akae chini.

Mama Shani
Kumbe la mfuko. Haya.

Mtoto wa Tano
Nilikuwa nasoma tu nipite, ila hilo swali la "nani aliamua" limenishika. Kwetu aliamua baba.

Tulikuwa watoto saba, Shinyanga, nyumba za kota. Mkate ulikuja Jumamosi, mmoja, mrefu, haujakatwa. Ulilala chumbani kwa baba, ndani ya kabati la nguo, rafu ya juu ya makoti, kwa ufunguo. Mkate wetu ulikuwa na ladha ya dawa ya nondo. Nilifika sekondari ndipo nikajua mikate ya wenzetu haina.

Sasa lile kabati mgongoni lilikuwa plaiwudi, na kaka yetu mkubwa akagundua pembe moja misumari imelegea. Ukiivuta unapita mkono mmoja, tena wa mtoto. Mkono wenyewe ukawa wangu. Naupitisha gizani, napapasa makoti, nafika kwenye mkate, nautoboa tumboni kwa vidole na kuchota nyama yake kidogo kidogo, ganda naliacha. Wenzangu wamepanga mstari nyuma yangu, kila mmoja anapewa donge lake. Halafu naulaza, tundu chini. Jumapili ya kwanza hakuna aliyegundua. Ya pili pia. Ya tatu tukapitiliza.

Jumapili hiyo akaja mzee wa kanisa na mkewe. Baba akatoka chumbani na mkate mikononi kama anapeleka mtoto kubatizwa. Akauweka kwenye sinia mbele ya wageni. Akachukua kisu, akasema neno la kumshukuru Mungu, akakata. Mkate ukabonyea. Ukajilaza wote kama kofia.

Kisiwani
Eheee!

Bwana Harusi wa Tabata
Ikawaje? Usituache hapo mkuu.

Njombe Baridi
Kashatoka huyo. Watu wa hivi washtakiwe.

Da' Neema
Tukimngoja, swali. Mkate ukiota ukungu pembeni tu, nikikata pale nikala sehemu iliyobaki kuna shida?

Chuma cha Pua
Kata, choma, kula. Babu yangu alikula hivyo na kafika 91.

Muuguzi wa Zamu
Usikate, dada. Hayo manyoya ni yale unayoyaona. Mkate ni laini, nyuzi zake zinapenya ndani kabla juu hapajabadilika rangi. Na usiunuse kuhakikisha. Tupa wote.

Chuma cha Pua
Utupe wote kwa bei hizi? Wewe ni muuguzi au mwenye bekari?

Muuguzi wa Zamu
Nunua nusu.

Da' Neema
Asante. Mimi nauweka kwenye oveni kwa sababu ya sisimizi, na ulinikuta mkasa. Wifi yangu alikuja kutusalimia, akataka kutuokea keki, akaiwasha ipate moto kwanza bila kufungua. Mfuko ukayeyuka ukagandia kwenye nyaya. Mwaka wa pili huu kila nikioka kitu kinanukia plastiki, na ukweni wanasimulia kwamba mwenye akili mbovu ni mimi.

Shemeji wa Hamburg
Huku Ujerumani watu wana chungu cha udongo chenye mfuniko, kazi yake mkate tu. Udongo unavuta unyevu uliozidi. Nimenunua, kinafanya kazi.

Mama Shani
Shem, umepanda ndege mpaka Ulaya kwenda kununua chungu.

Mtoto wa Tano
Samahani wakuu, nilikuwa kazini.

Baba hakusema kitu. Alikata lile ganda vipande, akampa mgeni, akampa mkewe, akachukua chake. Mzee wa kanisa akatafuna, akasema mikate ya siku hizi wanazidisha hamira. Baba akasema, "Ni kweli." Sisi tuko mlangoni, hakuna anayepumua.

Wageni walipovuka geti akatuita. Nyoosheni mikono. Tukanyoosha saba. Akapita, anainama, ananusa mmoja mmoja. Alipofika kwangu akasimama. Dawa ya nondo.

Yaliyofuata siandiki.

Chuma cha Pua
Hahaha mkono umechoma ukoo mzima.

Kisiwani
Hao sita waliokula wakanyamaza?

Mtoto wa Tano
Kaka mkubwa ndiye alishika taa.

Bwana Harusi wa Tabata
Mzee yupo?

Mtoto wa Tano
Yupo, nakaa naye hapa kwangu tangu mwaka jana. Mkate wangu unakaa mezani, anayetaka akate. Juzi asubuhi sikuuona. Nimeukuta chumbani kwake, kabatini, juu ya makoti.

Da' Neema
Na ufunguo?

Mtoto wa Tano
Mfuko wa shati.

Njombe Baridi
Mama Shani, kile kitambaa cha mafuta ya taa bibi alikuwa anakibadilisha baada ya siku ngapi? Wameshafika kwenye sukari.

Mama Shani
Ukiona mmoja kavuka.