Mbolea ya popo pangoni: tuichimbe, tuwafukuze kwanza, au tuachane nayo?

Mwana_Kibanja

Wakuu, habari za mchana. Naandika kutoka Muleba, mkoa wa Kagera. Mimi ni mkulima wa migomba na kahawa, na mwaka huu nimeongeza nyanya na hoho kule bondeni. Shida yangu ni mbolea. Ng'ombe ninaye mmoja tu, samadi yake inaishia kwenye migomba iliyo karibu na nyumba, na bei za dukani mnazijua wenyewe.

Sasa, juu ya kilima chetu kuna pango. Ndani wamejaa popo, wale wakubwa wenye macho makubwa na sura ya mbwa, na chini yao kinyesi kimerundikana hadi mguu unazama. Vijana wa kikundi chetu wanataka kuchimba, kujaza viroba na kuuza. Mnunuzi ameshakuja kuulizia.

Mke wangu amegoma. Ananikumbusha Machi 2023, ugonjwa wa Marburg, ile homa kali inayoua haraka, ulipotangazwa Bukoba Vijijini, kule Maruku na Kanyangereko, watu wakawa wanaogopa kushikana mikono hata msibani. Halafu Januari 2025 ikaibuka Biharamulo. Kauli yake: "Ukileta kiroba kimoja hapa, ulale nacho huko huko nje." Upande mwingine wapo wanakikundi wanaotaka tuwashe moshi, tuzibe mdomo wa pango, popo wafe wote, ndipo tuchimbe. Wanasema tutapata mbolea na ugonjwa tutakuwa tumeumaliza.

Naomba mwenye ujuzi anieleze. Kinyesi cha popo kina hatari gani hasa? Kuwaua kunasaidia? Na wale wadogo walioko darini kwangu nao wamo? Naomba kuwasilisha.

Kamanda_Igoma

Petroli lita tano na kiberiti, mkuu. Kesho una mbolea na kitoweo juu.

Mzee_wa_Josho

Huyo wa petroli mpuuzeni.

Nimefanya kazi ya mifugo Kagera hadi nikastaafu, nikizunguka majosho na machinjio, kwa hiyo nitajibu kwa urefu. Asiye na muda arukie mwisho.

Popo unaowaeleza, kama kweli wanalala pangoni na wana macho makubwa, bila shaka ni wale wala matunda wa mapangoni. Ukisimama mlangoni jioni utawasikia wakigonga ndimi, tik tik, wakijitafutia njia gizani. Hao ndio wenyeji wa kirusi cha Marburg. Wao hakiwaui. Wanakibeba muda fulani, wanakitoa kwa mate, mkojo na kinyesi, kisha kinawatoka, na wengine wanakipokea.

Kirusi chenyewe kilitambuliwa 1967, Ujerumani na Belgrade, kwa watu waliokuwa wakishughulika na tumbili waliosafirishwa kutoka Uganda kwa kazi za maabara. Waliugua 31, wakafa 7. Ikachukua miaka arobaini kumjua mwenyeji wake, na aliyetuonyesha njia ni mchimbaji, mtu kama vijana wako. Mwaka 2007 wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda, waliugua. Wataalamu wakaingia mle mgodini wakavua popo, na kwa mara ya kwanza wakapata kirusi hai ndani ya popo mwenyewe.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo lilipo jibu la swali lako la moshi. Baada ya ugonjwa ule, wenye mgodi walifanya hicho hicho ambacho kikundi chako kinataka. Waliziba njia za kutokea kwa matete na plastiki, wakatega nyavu, wakaua popo kwa maelfu. Mgodi ukabaki mtupu. Mwaka 2012 Marburg ikalipuka mji wa Ibanda, kama kilomita 20 kutoka hapo, tena kwa ukubwa ambao Uganda haikuwa imewahi kuuona. Wataalamu waliporudi Kitaka wakakuta popo wamerejea, wachache mno kuliko zamani, lakini waliobeba kirusi walikuwa 13 katika kila 100. Kabla ya mauaji walikuwa 5.

Kwa nini? Ukiwaua wakubwa waliokwisha kuugua na kupata kinga, unafungua nafasi kwa wageni wachanga wasio na kinga, nao wanaambukizana upya. Sisi wa mifugo jambo hili tunalijua: ukiuza majike yote yaliyozoea ndigana, ugonjwa wa kupe, ukanunua mitamba kutoka kusiko na kupe, utalia.

Pango la pili la kujua ni la chatu, lililoko msitu wa Maramagambo, Uganda. Watalii wawili waliingia mle kwa nyakati tofauti, mmoja wa Marekani Desemba 2007 na mmoja wa Uholanzi 2008. Hawakuchimba wala kula kitu. Wa Uholanzi alifariki kwake Ulaya. Popo wa pango hilo walipimwa kwa muda, na wenye kirusi kwa ujumla hawakufika hata 3 katika 100. Lakini wanazaa mara mbili kwa mwaka, na watoto wao wakifika kama miezi sita ndipo kirusi kinapopamba moto, hadi 12 katika 100. Wataalamu walipopanga tarehe za watu kuambukizwa Marburg miaka ya nyuma, nyingi ziliangukia majira hayo hayo. Ndiyo maana kijana anaweza kuingia pangoni mara nyingi akatoka mzima, akakucheka, kisha akaingia siku isiyo yake.

Mbolea, basi. Katika pango lenye popo hai huchimbi kinyesi cha zamani peke yake. Unachimba huku juu yako wanakojoa na kudondosha mate, nawe unatoka jasho na unajifuta uso. Kile kikavu nacho kina kuvu anayeingia mapafuni pamoja na vumbi, na huyo hahitaji Marburg ili akulaze hospitali. Msichimbe. Msizibe. Pango liacheni.

Wa darini kwako ni watu wengine kabisa. Hao wadogo kwa kawaida ni wala wadudu, wanakupunguzia mbu. Ukitaka watoke, ziba matundu usiku wakiwa wametoka kuwinda, usifanye hivyo wakati wana watoto. Kinyesi chao usikifagie kikavu. Kinyunyizie maji yenye dawa ya klorini, uvae barakoa na glovu.

Na nguruwe, kama unao, usiwafungie chini ya mwembe. Malaysia, 1998 hadi 1999, popo walikuwa wakila matunda ya miti iliyopandwa kando ya mabanda, mabaki yakadondokea nguruwe. Nguruwe wakaanza kukohoa, wafugaji wakaugua ubongo. Walikufa watu zaidi ya 100 na nguruwe zaidi ya milioni moja wakachinjwa kuuzima ugonjwa. Kirusi kile, Nipah, hapa kwetu hakipo, lakini banda la nguruwe chini ya mwembe lipo kila kijiji nilichopita, na kuhamisha banda ni kazi ya siku moja.

Mwana_Kibanja

Shikamoo mzee. Nimesoma mara mbili, na mke wangu nimemsomea kwa sauti, sasa hakaliki.

Kuna jambo sikuliandika mwanzo. Kijana mmoja wa kikundi alishaingia Jumapili iliyopita, akatoka na viroba viwili. Yuko mzima, anacheza mpira. Viroba viko nyuma ya stoo ya kikundi. Tufanyeje?

Nesi_wa_Zamu

Naomba nimjibu huyu mapema. Mimi ni muuguzi, zahanati ya kijijini, mkoa huo huo.

Kijana asitengwe kama mkosaji. Mtu asiye na dalili haambukizi. Ajipime joto asubuhi na jioni hadi zitimie siku 21 tangu alipoingia. Ikipanda homa ghafla, kichwa kikamuuma vibaya, misuli, halafu kutapika na kuhara, asipande bodaboda kwenda duka la dawa. Piga simu kituo cha afya kwanza, na neno la kwanza liwe "aliingia pango la popo, Jumapili ya tarehe fulani".

Nasisitiza neno hilo kwa sababu siku za mwanzo ugonjwa huu unafanana kabisa na malaria. Mgonjwa anakuja, tunampima malaria, na kwetu huku malaria haikosekani, basi anapewa dawa anarudi nyumbani. Hakuna anayemuuliza anachimba nini au analala wapi. Rwanda, Septemba 2024, waliugua 66, na wengi wao walikuwa wahudumu wa afya. Mgonjwa wa kwanza alikuwa mchimbaji aliyefanya kazi kwenye pango lenye popo. Walifariki 15, idadi ndogo kwa ugonjwa huu, kwa kuwa walikuwa na vyumba vya uangalizi maalumu, dawa za majaribio zikafika mapema, na waliotangamana na wagonjwa wakafuatiliwa mmoja mmoja. Biharamulo wagonjwa waliohesabiwa walikuwa 10 na wote walifariki, wengi kabla ugonjwa haujajulikana ni nini. Tofauti hiyo haikuletwa na popo.

Watu wakizungumzia kuzuia janga lijalo hutaja chanjo na maabara kubwa. Sawa, navyo vinatakiwa. Maabara inayohamishika ya Kabaile hapa Kagera ilisaidia sana 2025, sampuli hazikusubiri kwanza safari ya Dar. Lakini sampuli inatoka kwa muuguzi aliyeshuku, na muuguzi anashuku akiwa na glovu za kumtosha na ndoo ya klorini. Asipokuwa nazo anamkimbia mgonjwa, au anamshika mikono mitupu.

Viroba visifunguliwe wala kumwagwa shambani. Mwite afisa afya wa kata aje avishughulikie, watoto wakae mbali na stoo.

Binti_Chake

Nasoma nikiwa Pemba, nataka niwatetee popo kidogo. Kwetu kuna popo wakubwa wasiopatikana pengine duniani, wanalala juu ya miti, si pangoni. Watu waliwala hadi miaka ya tisini mwanzoni wakabaki wachache mno. Vijiji vikaunda vikundi vya kuwalinda, na leo ni maelfu kwa maelfu. Kidike wageni wanalipa kiingilio kuwaangalia kwa mbali. Hatuwashiki, hatuwapigi mawe, nao hawatufuati majumbani. Embe lenye alama ya meno tunalitupa tu.

Mzee_wa_Josho

Ahsante binti. Kwa mbali, ndivyo inavyotakiwa.

Nimkumbushe na Mwana_Kibanja kwamba vitu hivi huanza mbali na pango. Msitu wa Budongo, Uganda, wakulima wa tumbaku walikata miti fulani ya jamii ya mchikichi ili wapate kamba za kufungia majani ya tumbaku. Sokwe walikuwa wakila kiini kilichooza cha miti hiyo kwa ajili ya chumvichumvi. Miti ilipoisha, sokwe wakahamia kula kinyesi cha popo ndani ya mti wenye uwazi. Kinyesi hicho kilipopimwa kilikutwa na virusi vya aina 27, kimojawapo cha ukoo wa korona. Kamba ya tumbaku, jamani! Nani angewaza?

Kuhusu nyanya zako: maganda ya kahawa, majani ya migomba, majivu na hiyo samadi kidogo uliyo nayo, lundika kwa matabaka, mwagia maji, geuza kila baada ya wiki mbili. Miezi mitatu una mboji. Haitauzika kama ya popo, lakini hoho hazijui tofauti.

Mwana_Kibanja

Marejesho: afisa afya amekuja na kuvichukua viroba. Kijana anajipima, mama yake anaandika kwenye daftari la shule, hadi leo hana homa. Kikundi kimekubali kwa shingo upande kuacha pango.

Mnunuzi nimempigia kumwambia hatuuzi. Amesema hakuna tabu, ameshapata pango lingine ng'ambo ya kilima, vijana wa huko wanaanza Jumatatu.

Mzee_wa_Josho

Kijiji gani? Nitumie jina kwa ujumbe wa faragha sasa hivi, na namba ya mwenyekiti wa kitongoji kama unayo.