Mrejesho: Kuba la msikiti wetu Kondoa

Ndugu zangu, assalaam alaikum. Niliuliza hapa kama kuba la zege lenye kipenyo cha mita 6 linaweza kukaa juu ya kuta za tofali bila nguzo katikati. Naleta mrejesho kwa shukrani.

Mhandisi tuliyemwita alithibitisha mliyoniambia: uzito wa kuba haushuki wima tu, bali husukuma kuta kwenda nje, na katika nusu duara kamili sehemu ya juu hubanwa, ilhali ukishuka kupita takriban nyuzi 52 kutoka kileleni (pembe ikipimwa kwenye kitovu cha duara) zege huanza kuvutwa, ndiyo maana nyufa za wima hutokea karibu na kitako. Kuba la Pantheon mjini Roma, lenye kipenyo cha mita 43 hivi na lisilo na nondo hata moja, hutegemea kuta nene mno. Sisi hatukuwa na kuta hizo. Kwa hiyo tulimwaga kwanza mkanda wa zege wa mviringo wenye nondo zilizofungwa vizuri, ili uzuie msukumo huo wa kwenda nje, ukikalia boriti nne na nguzo za pembeni.

Hofu yangu kubwa ilikuwa upepo na ukavu wa huku kwetu. Tulifunika zege kwa magunia na kuyalowanisha mchana na usiku, kisha mafundi wakalegeza mihimili ya muda kuanzia kileleni kushuka pembezoni, polepole, pande zote kwa usawa. Hadi leo sijaona ufa.