Paka kususa kula baada ya kuhama, mtoto kuzaliwa au dada wa kazi kuondoka: tupeane uzoefu

Mlezi wa Nyau
Wadau, uzi huu ni wa wanaofuga paka ndani ya nyumba, si wale wa kumtupia miba mlangoni. Paka anakula vizuri miaka nenda rudi, siku mnahama Tabata kwenda Chanika anageuka: yuko nyuma ya kabati mchana kutwa, chakula hanusi, usiku analia. Kwa wengine ni mtoto kazaliwa, mgeni kaja kukaa, paka wa pili kaletwa, au dada aliyekuwa akimlisha karudi kwao.

Leta kisa, ila weka vipimo: umri, dume au jike, amehasiwa au la, uzito, alikuwa anakula nini na kiasi gani, amegoma masaa mangapi, maji anakunywa, choo kikoje. Bila hivyo tutaishia kupiga ramli.

Pweza Mkavu
Ngoja waje wataalamu. Nimekaa pale.

Bi Mtendeni
Dada akiondoka kila mtu husema paka ana majonzi. Huenda. Lakini kabla ya majonzi mpigieni simu huyo dada mumuulize alikuwa anapikaje.

Dada mzoefu anaosha dagaa mara tatu mpaka mchanga uishe, anatoa vichwa, anachemsha bila chumvi, anaponda na ugali kidogo sana, anampa kikiwa vuguvugu. Dada mpya anatoa makombo ya jana kwenye friji anamwagia. Paka hula kwa pua kwanza. Chakula baridi hakimnukii. Kipashe kifikie joto la mwili wake, nyuzi 38 hivi, ndipo anasogea. Na yale makombo yana vitunguu. Kitunguu maji na kitunguu saumu huvunja chembe nyekundu za damu ya paka, viwe vibichi, vimepikwa au unga wa kwenye viungo vya paketi.

Angalieni na sabuni. Kibakuli kilichozoea sabuni ya mche kikianza kuoshwa kwa ile ya maji yenye harufu ya ndimu, paka wengi hugeuza shingo. Halafu mwenye nyumba anasema paka anamkumbuka Zainabu.

Kibuyu cha Asali
Nakazia hapo kwenye sabuni ya ndimu.

Daktari wa Kata
Niweke kisa kimoja kirefu, maana ndicho ninachotaka watu wasikirudie.

Paka jike, miaka 6, ametolewa kizazi, kilo 6.2 wakati mwili wake ulistahili kama 4.5. Alikuwa na punje kavu za chakula cha paka kwenye kibakuli saa zote. Nyumba ikahamwa, rangi mbichi ukutani, mafundi wanagonga vigae. Akaingia chini ya kitanda. Siku ya kwanza wenyewe wakasema kashtuka, atazoea. Siku ya pili wakamwekea maziwa, akanusa akaondoka. Siku ya tatu wakafurahi kwamba angalau anapungua unene. Siku ya tano anatapika maji ya njano na anadondosha udenda. Alipoletwa, mtu wa kwanza kuligundua tatizo alikuwa mtoto wa nyumba, aliyeuliza kwa nini masikio ya paka yamekuwa rangi ya manjano.

Kilichotokea ni hiki. Paka asipokula, mwili huyayusha mafuta ya akiba na kuyapeleka kwenye ini. Ini la paka halimudu mzigo huo, linajaa mafuta na kuanza kushindwa kazi. Likishashindwa, paka anasikia kichefuchefu, na kichefuchefu kinamzuia zaidi kula. Mnene ndiye yuko hatarini zaidi, tofauti na wengi wanavyodhani kwamba ana akiba. Siku mbili tatu za kutokula zinatosha kuanzisha safari hiyo.

Tiba haikuwa sindano moja. Aliongezewa maji kwenye mshipa, akapewa dawa ya kichefuchefu, kisha akawekewa mrija wa kulishia unaopita ubavuni mwa shingo hadi kwenye umio. Chakula kinasagwa na kuchujwa. Siku ya kwanza unampa robo tu ya mahitaji yake, unapandisha kidogo kidogo kwa siku tatu nne, kwa sababu ukimshindilia ghafla madini ya damu yanaporomoka. Kila baada ya mlo unasukuma mililita 5 hadi 10 za maji vuguvugu, la sivyo mrija unaziba na kazi inaanza upya. Wiki sita hivyo, mara tano sita kwa siku. Alipona, lakini familia nzima ilikonda.

Jinsi ya kuangalia umanjano: mtoe kwenye mwanga wa jua, si chini ya taa. Tazama ngozi ya ndani ya sikio, fizi, na weupe wa jicho. Paka aliyekomaa akigoma kabisa masaa 24, piga simu kwa daktari wa mifugo; akifika 48 awe ameshafikishwa. Kitoto cha wiki nane, masaa 12 ni mengi mno.

Mzee wa Pembe
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Paka mgomo siku moja, ya pili mpe daktari.

Kibuyu cha Asali
😂😂 Mzee umemaliza.

Chui wa Uani
Mnakuza mambo. Mviringishe kwenye taulo, mchanue mdomo, mpe uji wa maini ya kuku kwa sirinji isiyo na sindano. Siku mbili tu anaanza kula mwenyewe.

Daktari wa Kata
Chui, hapo unapotosha. Paka mwenye kichefuchefu ukimlisha kwa nguvu anafunganisha ladha ile na kuumwa, na chakula hicho hatakigusa hata akipona. Angalia dalili: analamba midomo, anameza mate, anageuza uso ukisogeza kibakuli. Huyo anahitaji dawa ya kichefuchefu kwanza.

Chui wa Uani
Sasa aliye Namtumbo huo mrija wa shingoni ataupata wapi? Afe tu?

Bi Mtendeni
Hapo Chui ana hoja, tusiandikiane kama wote tunaishi Masaki. Kama hakuna namna, basi fanya ipasavyo: mililita moja moja, uingize pembeni nyuma ya chonge, kichwa kiwe sawa, usikiinue juu, subiri ameze ndipo uongeze. Ukimlaza chali na kumiminia, kinaenda kwenye mapafu. Akianza kukohoa au kupumua kwa mdomo, acha palepale.

Daktari wa Kata
Sawa, hilo nalikubali kwa shingo upande. Ila apewe kwanza nafasi ya kula mwenyewe: sahani pana isiyogusa masharubu, chumba kimya, watu watoke. Paka aliyeogopa hali mbele ya hadhira.

Shamba la Bibi
Mnaongelea kula, someni na hiki. Dume, miaka 3, amehasiwa, kilo 5, punje kavu tupu. Nyumbani kaja mtoto mchanga, sanduku lake la mchanga wa choo likahamishiwa uani karibu na mashine ya kufulia. Wiki ileile kisima cha nyumba kikaanza kutoa maji ya chumvi, akawa anakunywa kidogo mno.

Jumamosi jioni anaingia kwenye sanduku, anachuchumaa, anatoka, anarudi. Kisha akachuchumaa kwenye beseni la nguo za mtoto. Watu wakaona wivu: paka anamkomoa mtoto. Jirani akasema hajapata choo, akapewa mafuta ya nyonyo. Usiku analamba sehemu zake bila kupumzika na kutoa sauti nzito isiyo ya kawaida. Ukigusa tumbo upande wa nyuma unakutana na kitu kigumu mfano wa chungwa. Kile kilikuwa kibofu. Saa kumi alfajiri anatapika, masikio na miguu vya baridi, hanyanyuki. Jumapili kliniki inafungua saa nne. Hakuifikia.

Pweza Mkavu
Dah.

Mama Swaumu
Eeh Mola. Sasa nitatofautishaje anayetafuta haja kubwa na huyo?

Kibuyu cha Asali
Wa kwangu jana kaingia mara nne, nimeshaanza kutetemeka huku.

Daktari wa Kata
Kibuyu, uliona donge la mchanga ulioloa? Kama lipo la ukubwa wa kawaida, tulia. Kama hakuna, au ni matone tu, au yana damu, funga safari sasa hivi, usimalizie kusoma uzi.

Mama Swaumu, kwa macho ni vigumu kutofautisha, ndiyo maana tunahesabu mabonge ya mkojo. Paka wa kawaida hukojoa mara mbili hadi nne kwa siku. Dume anayechuchumaa bila kutoa mkojo ni dharura, chukulia hivyo mpaka ithibitike vinginevyo. Mrija wa mkojo wa dume ni mwembamba. Msongo wa mawazo huchochea kibofu kuvimba, ute na chembe za madini zinaziba njia. Madini ya potasiamu yanapanda kwenye damu na kusimamisha moyo, pengine ndani ya siku moja au mbili. Wala si wivu. Mafuta ya nyonyo hayana kazi hapo, na msimbonyeze kibofu, kinaweza kupasuka.

Fundi Saa
Akilia maumivu mpeni robo ya kidonge cha parasetamo wakati mnasubiri usafiri.

Daktari wa Kata
HAPANA. Moderata afute bandiko hilo. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja parasetamo. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua, na hata kipande kinatosha kumdhuru: fizi zinageuka kahawia, uso unavimba, pumzi inakata.

Fundi Saa
Haya mkuu, nimesikia. Kwani ya watoto ya maji?

Bi Mtendeni
Fundi, rudi kwenye saa zako.

Mama Swaumu
Turudi kwenye mtoto mchanga. Mama mkwe anataka paka atolewe kabla ya kujifungua, anasema anaharibu mimba.

Mzee wa Pembe
Mama mkwe na paka, nani anakula zaidi?

Daktari wa Kata
Mzee, acha. Ugonjwa upo, ni toksoplasmosisi, lakini njia yake inajulikana. Mayai ya kimelea chake yanatoka kwenye kinyesi cha paka na yanahitaji siku moja hadi tano ndipo yaweze kuambukiza. Kwa hiyo sanduku lisafishwe kila siku, na asisafishe mjamzito. Akikosa mtu, avae glavu na anawe. Nyama isiyoiva vizuri na mboga zisizooshwa nazo zinaambukiza, hata nyumba isiyo na paka. Kumpakata tu si tatizo.

Ukhti Kuze
Salaam kutoka Mombasa. Mwagombana kuhusu hospitali, na paka wengi hugoma kwa sababu wamehamishwa vibaya. Wako wanaomtia guniani asione njia. Anafika amejikojolea, amepoteza harufu zote anazozijua, kisha anafunguliwa sebuleni mbele ya wapagazi. Huyo hali.

Fanyeni hivi. Siku mbili tatu kabla ya kuhama, chukua kitambaa cha pamba, msugue mashavu taratibu, usikifue. Tandiko lake pia lisifuliwe. Kule mnakohamia teua chumba kimoja, kisiwe jikoni. Kitambaa kipake kwenye pembe za kuta na miguu ya kitanda, kimo cha kichwa chake. Chakula kona moja, maji kona nyingine, sanduku la mchanga mbali na vyote viwili. Paka hapendi kula karibu na choo, kama wewe. Mpe boksi la kujifichia. Akae humo siku kadhaa mpaka ale, anywe na ajisafishe manyoya bila kushtuka, ndipo ufungue mlango. Nje asitoke mapema kuliko wiki mbili, bora tatu au nne, la sivyo atarudi mtaa wa zamani.

Udi na ubani siku ya kuingia nyumba vifukizwe vyumba vingine. Na sakafu msipige zile dawa zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa maji, zina kemikali ya fenoli; paka hukanyaga kisha hulamba nyayo. Dawa ya kunguni yenye pemethrini ndiyo hatari zaidi, humtia mtetemeko.

Chui wa Uani
Guniani wamesafiri paka tangu enzi za majahazi.

Ukhti Kuze
Na wangapi walirudi kwa miguu?

Mtu wa Mvumi
Hamjataja kwamba nyumba nyingine zina wenyewe. Paka anaona usichokiona.

Pweza Mkavu
Anaona mende, mkuu.

Bi Mtendeni
Kwa wanaobadilisha chakula siku moja na kuhama: msifanye. Mambo mawili mapya kwa mpigo hutajua lipi limemgomesha. Akishatulia, changanya robo ya kipya na robo tatu za cha zamani, pandisha kwa siku saba hadi kumi. Paka wa kilo 4 anahitaji kama gramu 55 hadi 65 za punje kavu kwa siku, pima kwa mizani ya jikoni, si kwa kiganja. Na msikimbilie samaki mbichi kumbembeleza. Baadhi ya samaki wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Akiwala wabichi kila siku anapoteza hamu ya kula kabisa, shingo inainama na anayumba. Kuchemsha kunakiua. Ugali mtupu nao haumfai, hauna taurini, kirutubisho kinachopatikana kwenye nyama, na bila hiyo moyo na macho vinaharibika.

Daktari wa Kata
Nyongeza moja. Aliyebadilika ghafla akawa anang'ata bila sababu, anadondosha udenda, sauti imebadilika, msiseme ni hasira za kuhama. Paka nao hupata kichaa cha mbwa. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, aende hospitali siku hiyohiyo.

Kibuyu cha Asali
Mrejesho: mkojo nimeukuta nyuma ya sanduku, amekojoa nje kwa sababu mchanga ulikuwa haujabadilishwa. Nimepumua.

Pweza Mkavu
Huo mchanga wa choo wa dukani bei yake inauma. Mnatumia nini?

Ukhti Kuze
Mchanga wa ujenzi, uchekeche kwa chujio la unga, uanike juani, kina cha sentimita tano au zaidi. Mchanga wa pwani uoshwe kwanza utoke chumvi. Maranda ya mbao sawa, ila si ya mbao iliyopigwa dawa. Paka wawili, masanduku matatu, na yasipangwe pamoja.