Naomba ushauri: kumfundisha mtoto hesabu na sayansi sokoni

BiMwanakwerekwe: Assalaam aleykum. Nina wawili, wa darasa la pili na wa darasa la tano. Kila Jumamosi naenda nao sokoni, na nataka safari ile iwasaidie masomo ya skuli. Mdogo hata kugawa hajui. Nianze na nini?

Chenji_Kamili: Waaleykum salaam. Mdogo mwanzishe na chenji, tena bila kutoa kwa kukopa. Mfundishe kupanda. Kitu cha 3,400 umelipia noti ya 5,000: kutoka 3,400 mpaka 3,500 ni 100, mpaka 4,000 ni 500, mpaka 5,000 ni 1,000. Jumla 1,600. Mazoezi yafanyike nyumbani kwanza, kwa sarafu za kweli mkekani. Sokoni watu wakishajaa nyuma yake atababaika, na muuzaji ana haki ya kukasirika. Nendeni mapema.

Fundi wa Mizani: Mkubwa mpe fungu dhidi ya kilo. Bei hizi ni za mfano tu. Fungu la tungule ni 1,000; mkifika nyumbani mlipime, tuseme ni gramu 400. Agawe 1,000 kwa 400, kisha azidishe kwa 1,000: kilo inatoka 2,500. Kama muuzaji wa jirani anauza kilo kwa 2,200, fungu ndilo ghali, ingawa machoni linaonekana rahisi.

Hamna mizani? Fimbo iliyonyooka, kamba katikati, kopo huku na huku. Jiwe lenu ni chupa ya maji ya nusu lita, maana maji yale ni kama gramu 500. Chupa tupu nayo iwekwe upande wa pili ili plastiki isihesabike. Fimbo ikilalia upande mmoja kabla ya kutia kitu, sogezeni kamba. Mkisahau hilo, vipimo vyote vitapinda na mtoto atadhani kakosea hesabu.

BiMwanakwerekwe: Na mchele wa pishi je? Mkubwa anasema pishi ni kilo.

Mwl_Chake: Hapo ndipo penye somo lenyewe, usimrekebishe kwa maneno. Pishi ni vibaba 4, na kibaba hupima ujazo, hakipimi uzito. Mwache ajaze kibaba kimoja cha mchele, kisha kile kile cha unga wa ngano, apime vyote viwili. Unga utakuwa mwepesi, kwa sababu baina ya chembe zake kuna hewa nyingi. Halafu akigonge kibaba cha unga mezani: unga utashuka, nafasi itapatikana ya kuongeza. Kibaba kiwe cha mfuto, afute juu kwa kijiti. Cha tele kila mtu hurundika kwa mkono wake, majibu hayatalingana kamwe.

Kosa jingine la darasa la tano: huona 0.25 ni kubwa kuliko 0.5 kwa vile 25 inaipita 5. Mwambie aandike 0.50, au amwagize muuzaji robo na nusu ya sukari aone kwa macho.

Mvuvi_wa_Wete: Mmesahau samaki! Kabla ya kununua, mtoto aangalie matamvua kama ni mekundu, jicho kama ni angavu, na nyama akiibonyeza kama inarudi. Kisha asilimia: changu wa kilo 1.2 kwa 9,000 kila kilo ni 10,800. Akishaparwa na kutolewa matumbo, tuseme kabaki na gramu 900. Robo nzima imekwenda, kwa hiyo kilo ya kuliwa imewagharimu 12,000. Mbatata baada ya kumenywa, fanyeni vivyo hivyo.

Pia awe na daftari la bei: tarehe, kitu, bei ya kilo, na hali ya upepo. Kusi likichafuka ngarawa nyingi hazitoki, na bei ya samaki hupanda. Ila iwe vitu 3 tu. Nimeona watu wanaandikisha 15, wiki ya pili daftari linafungiwa vitumbua.

BiMwanakwerekwe: Ahsanteni sana. Je, mkubwa nimruhusu kutumia kikokotoo cha simu?

Fundi wa Mizani: Baada ya kukisia tu. Akisema "kama 2,500" na simu ikatoa 25,000, atajua mwenyewe kuwa kabonyeza sifuri moja zaidi.

BiMwanakwerekwe: Basi Jumamosi hii ni chenji, na mkubwa tungule. Pishi tutaifanya jikoni.