Mjadala: Marafiki kuwa wapenzi katika riwaya za Regency, utamu uko wapi?

Kalamu Kavu (mtoa mada): Riwaya za mapenzi za Uingereza ya enzi ya Regency (1811 hadi 1820, Mwanamfalme George alipotawala badala ya baba yake mgonjwa) zina kisa ambacho wasomaji hawakichoki: marafiki wa siku nyingi wanaishia kuoana. Naona kinasifiwa kupita kiasi. Maadui wakipendana kuna vita. Hawa wamezoeana, baba mtu anamwamini kijana, chai wanakunywa pamoja. Patashika iko wapi?

Bi Mswada: Iko kwenye kanuni za zama zile, mkuu. Binti wa ukoo hakuachwa peke yake na mwanamume asiye ndugu. Wakiandikiana barua, watu walijua wameshachumbiana. Dansini, kucheza mara mbili na mtu mmoja kulitosha. Mara ya tatu kulizua maneno. Mgeni ataishia kuzungumzia mvua na barabara. Rafiki wa familia ndiye anayeingia sebuleni bila mwaliko na kubishana na binti waziwazi. Sasa huyo akitamka mapenzi akakataliwa, anaupoteza hata ule mlango.

Chukua Emma, riwaya ya Jane Austen iliyotoka Desemba 1815, inayomhusu binti Emma na Knightley, rafiki wa familia yake wa siku nyingi. Kwenye dansi pale Crown, nyumba ya wageni ya kijijini, Harriet, rafiki wa Emma, ameachwa bila mwenzi. Knightley anamwinua wacheze, na Emma anamtazama Knightley kwa jicho jingine. Muda mfupi baadaye Emma na Knightley wanakubaliana kuwa wao si kaka na dada kiasi cha kushindwa kucheza pamoja. Kule Box Hill, kilima walikokwenda matembezi, Emma anamdhihaki Miss Bates, jirani maskini, mbele za watu, na Knightley anamkemea kwa namna ambayo mtu anayetaka kumpendeza asingethubutu. Mwisho Harriet anakiri kumpenda Knightley, ndipo Emma anajijua. Ondoa tukio moja kati ya hayo uone kama posa ya Knightley kwa Emma bustanini itasimama.

Nahau: Dada, umeruka jambo. Knightley ana miaka 37 au 38, Emma hajafika 21. Baadaye bwana huyo anatania kwamba alimpenda tangu akiwa na miaka 13! Hapo mimi naona mlezi, rafiki simwoni.

Bi Mswada: Umri unakwaza, sibishi. Ila mlezi hakiri kosa. Pale pale Crown, Knightley anakiri kwamba mke ambaye Emma alimchagulia Elton, kasisi wa kijiji, yaani Harriet, alikuwa bora kuliko yule Elton aliyejichagulia. Na kwa kuwa Emma hawezi kumwacha baba yake, Knightley ndiye anayehama Donwell, kwake, kwenda kuishi Hartfield, nyumbani kwa kina Emma. Mwanamume mwenye shamba lake, enzi zile!

Kalamu Kavu: La kuhama nimelikubali. Lakini waandishi wa leo? Sura ya 20 anatokea duke (mwenye cheo kikubwa cha ukabaila) mtanashati, rafiki anashikwa na wivu, basi wamependana. Au binti anabadilisha gauni, macho yanafunguka. Huo ni wivu na kitambaa.

Nahau: Hapo tuko pamoja. Rafiki amjuaye tangu utoto lazima agundue kitu kuhusu tabia yake, si shingo yake. Kosa jingine ni majina: ukurasa wa 10 tayari wanaitana George na Mary. Emma, hata akiwa mchumba, anasema "Mr Knightley", na anaahidi kumwita kwa jina la ubatizo mara moja tu, kanisani, siku ya kufunga ndoa.