Naombeni ushauri: niingie mafunzo ya seli shina au nihamie unesi?

binti_nyarugusu: Shikamooni wakubwa, wenzangu mambo. Niko mwaka wa pili chuo cha serikali huku California, nasoma bayolojia, wazee wanategemea nihamie unesi. Sasa chuoni kuna mafunzo ya COMPASS yanayolipiwa na CIRM, ile taasisi ya jimbo ya utafiti wa seli shina (seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine), iliyopitishwa kwa kura ya wananchi 2004 na 2020 wakaiongezea dola bilioni 5.5. Wanachukua wanafunzi wa digrii ya kwanza, hasa sisi ambao ukoo mzima hakuna aliyewahi kushika pipeti, unapewa mlezi, posho, na kazi ya maabara ya kweli. Mdogo wangu ana selimundu jamani, na tangu nisome kuhusu Casgevy, tiba ya selimundu iliyoruhusiwa Marekani Desemba 2023, kwamba wanatoa seli shina za mgonjwa mwenyewe wanazihariri jeni wanamrudishia, akili yangu yote iko huko. Ila baba anauliza ukimaliza nani atakuajiri, nikakosa jibu. Halafu wikiendi nafanya shifti dukani, hela inasaidia kodi ya nyumba.

fundi_seli: Mdogo wangu mimi nilipita Bridges, nayo ya CIRM, ipo tangu 2009. Sasa hivi niko kiwanda cha tiba za seli. Mwambie mzee kazi za digrii moja zipo: kukuza seli, kupima ubora, kuandika rekodi za kila bechi. Hizi dawa hazimwagwi kama panadoli, kila mgonjwa na bechi yake, lazima watu wawepo. Ila usimfiche, bayoteki inapanda na kushuka, wawekezaji wakibana hela watu wanapunguzwa. Na kuhusu shifti zako, seli za iPS, yaani seli za kawaida zilizorudishwa kuwa seli shina, zinabadilishiwa midia (majimaji ya chakula chao) karibu kila siku, Jumapili haziijui. Unapuliza spiriti ya asilimia 70 kwenye glavu na chupa, unazitoa kwenye inkubeta ya nyuzi 37, unaangalia kwenye hadubini kama koloni bado zina kingo safi, zikianza kutawanyika pembeni ujue zinageuka kuwa seli nyingine. Kabla hujasaini uliza wikiendi nani anazilisha.

mama_wawili: Mwanangu mimi ni nesi. Digrii ya bayolojia haifungi mlango wa unesi, kuna kozi fupi kwa wenye digrii tayari, baba akilijua hilo atapumua. Nenda pia ofisi ya misaada ya fedha uulize kama posho itapunguza granti yako, wakujibu kwa maandishi.

mzalendo_dom: Niko Dodoma. Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa walianza kuwapandikiza uloto (ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu) watoto wa selimundu 2023, lakini mtoto anahitaji ndugu anayefanana naye kwa aina ya tishu, na kila ndugu wa baba mmoja mama mmoja nafasi ni 1 kati ya 4. Hiyo Casgevy bei yake huko dola milioni 2.2, huku nani ataigusa? Ukiingia maabara komaa na swali la gharama, tunakuhitaji.

kaka_oakland: Wasiwasi wangu mimi ni huu, wanaweza kuwaita ili mradi idadi ya weusi itimie halafu mnaishia kuosha vyombo. Tafuta waliomaliza, waulize kama walikuwa na mradi wao.

fundi_seli: Hilo la kuulizia naunga mkono kabisa. Ila haja ya watu wetu ni ya kweli kaka. Kwenye rejista ya NMDP, orodha ya Marekani ya wanaojitolea uloto, mgonjwa mweusi Marekani nafasi ya kupata mfadhili wa uloto anayefanana naye kabisa ni asilimia 29, mzungu 79. Na anayekwenda kanisani kuwaelezea wazazi wetu kwa Kiswahili kwamba kabla ya Casgevy mtoto anapigwa kemo kali (dawa za kuua seli za uloto wake) na inaweza kugusa uzazi wake, ni nani kama sio hawa?

binti_nyarugusu: Asanteni sana, nimeshamwandikia mratibu kuhusu wikiendi na nimeomba mawasiliano ya waliomaliza. Kaka fundi_seli, naomba nikupigie baba akiwa pembeni, akisikia kwa mtu wa kazini ataelewa zaidi.

fundi_seli: Jumamosi jioni niko free, nakutumia namba inbox.