Sarafu ya dola 20 ya Marekani, 1904 S, yenye kitanzi: naipimaje na bei yake inahesabiwaje?

Mwana Isevya (Tabora)
Wakuu, habari za jioni. Kuna sarafu ya dhahabu ya Marekani, dola 20, mwaka 1904, ina herufi S ndogo upande wa tai. Ni mali ya familia na ilikuwa ikivaliwa kama kidani, kwa hiyo juu ina kitanzi kilicholehemiwa. Kwenye mizani ya sonara imesoma gramu 33.9 pamoja na kitanzi. Sonara anasema ni karati 18, atalipa kwa gramu, ila kwanza akate kitanzi na kuing'arisha. Naomba kujua: inapimwaje bila kuharibiwa, bei ya haki inapatikanaje, na kitanzi kikatwe au kibaki?

Fundi Mizani (Ujiji)
Kisikatwe, na isisuguliwe na chochote: si majivu, si ndimu, si dawa ya meno. Mng'aro wa sarafu uko kwenye ngozi ya juu kabisa, na ukiusugua unabaki na michirizi myembamba ambayo mnunuzi anayejua anaiona mara tu anapoigeuzageuza kwenye taa.

Karati 18 si kweli kama sarafu ni halisi. Dola 20 ya Marekani kuanzia 1850 hadi 1933 ni dhahabu 900 kwa elfu, yaani karati 21.6, na iliyobaki ni shaba nyekundu. Uzito wa kiwandani ni gramu 33.436, kipenyo milimita 34. Dhahabu safi ndani yake ni gramu 30.09. Akikuhesabia karati 18 anakulipa gramu 25 tu. Gramu 5 zinapotea hivihivi.

Kupima: tafuta mizani ya kusoma gramu 0.01. Weka juu yake glasi ya plastiki yenye maji, kisha irudishe kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba wa nailoni, uizamishe yote ikining'inia, isiguse chini wala pembeni. Namba inayosomeka ni ujazo wa sarafu kwa sentimita za ujazo. Kwa dhahabu 900 unategemea 1.94. Kitanzi chako kitaongeza kidogo, kwa hiyo kati ya 1.95 na 2.02 ni sawa. Wengi hukosea kwenye mapovu: povu moja likishika kwenye kitanzi namba inapanda. Tia tone la sabuni kwenye maji, tikisa sarafu taratibu, rudia mara tatu.

Sumaku haikusaidii hapa, maana shaba, risasi na tungsteni (metali nzito karibu kama dhahabu) zote hazinaswi. Shaba ya njano yenye ukubwa huohuo isingezidi gramu 17, kwa hiyo hiyo ishatoka kwenye hesabu. Tungsteni iliyopakwa dhahabu ndiyo ya kuogopa: kwa uzito huohuo itasoma karibu 1.74.

Maji ya tindikali ya sonara usiyakubali, yanaacha kovu. Ukifika penye mashine ya XRF (inayosoma aina za metali kwa mionzi) omba ipimwe sehemu tatu, mbali na ulehemu. Inatakiwa isome dhahabu karibu asilimia 90 na shaba karibu 10. Ikionyesha nikeli au zinki uulize maswali. Na kumbuka mashine hiyo inasoma juu juu tu, kwa hiyo kipimo cha maji hakiachwi.

Mkusanyaji wa Mwanga (Kigoma)
Naongezea alichoacha Fundi. Uzito ukikubali bado hujamaliza, kwa sababu kuna bandia zilizopigwa kwa dhahabu ya kweli. Miaka ya 1960 na 1970 Lebanon ilitoa nyingi, na baadhi zina dhahabu ya kutosha kabisa. Hizo zinakamatwa kwa macho na kioo cha kukuzia mara 10.

Anza upande wa tai. Kuanzia 1877 maandishi ya chini yanasomeka TWENTY DOLLARS kwa ukamilifu. Kabla ya hapo ilikuwa TWENTY D. tu. Ya 1904 ikiwa na TWENTY D. ni feki, funga mjadala. Juu ya tai, ndani ya duara la nyota, lazima kuwe na IN GOD WE TRUST, iliyoongezwa 1866. Herufi ya kiwanda iko chini ya mkia wa tai: S ni San Francisco, CC ni Carson City, O ni New Orleans, D kwa miaka hii ni Denver, na isipokuwepo herufi ni Philadelphia.

Upande wa kichwa, kwenye ukato wa shingo, kuna J.B.L., vifupisho vya mchoraji James B. Longacre. Kwenye feki huwa zimejaa na hazisomeki. Angalia pia uwanja mtupu kati ya uso na nyota: vijishimo vinavyojirudia, au vinundu vilivyoinuka karibu na herufi, ni dalili ya muhuri ulionakiliwa kutoka sarafu nyingine. Michubuko ya kawaida huzama ndani, haiinuki.

Jambo jingine la haraka: shika sarafu pembeni, kushoto na kulia, kichwa kikiwa wima, kisha izungushe kwenye vidole hivyo hivyo. Tai atokee wima. Akitokea kichwa chini, kuna walakini.

Mwana Isevya (Tabora)
Asanteni sana. Nimerudia kwenye maji: 1.97, 1.98, 1.97. TWENTY DOLLARS ipo, S iko chini ya mkia, J.B.L. inasomeka, tai yuko wima. Kwenye kikopo hichohicho kuna nyingine ya njano, 1916, yenye taji, D.O.A. na herufi T. Nayo ni dhahabu?

Mkusanyaji wa Mwanga (Kigoma)
Hiyo ni heller 20 ya Afrika Mashariki ya Wajerumani (ndiyo D.O.A.), imepigwa hapohapo Tabora (ndiyo T) wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ni shaba ya njano. Inapendwa na wakusanyaji lakini si dhahabu. Ya dhahabu ya T ni rupia 15 ya 1916: upande mmoja tembo mwenye mkonga juu na mlima nyuma yake, upande wa pili tai wa Kijerumani. Gramu 7.17 hivi, dhahabu 750, ambayo ilitoka mgodi wa Sekenke. Hiyo ndiyo karati 18 kweli! Zilipigwa elfu 16 na kidogo, kabla Wabelgiji hawajauingia mji Septemba mwaka huohuo. Ukiletewa ya tembo, ipime mara mbili ya ulivyoipima hii, kwani bandia ni nyingi.

Bei kwa Wakia (Kigoma)
Sasa bei. Chukua bei ya wakia ya dunia ya siku hiyo, zidisha kwa 0.9675, ndizo wakia za dhahabu safi ndani ya sarafu. Mfano: wakia ikiwa dola 3,000, madini ndani ya sarafu yako ni dola 2,902.50. Huo ndio msingi wako. Sonara anayekuanzia kwenye gramu na "uchafu" anakutoa kwenye msingi huo, mrudishe.

Nyongeza ya wakusanyaji usiitegemee hapa. Za 1904 S zilipigwa zaidi ya milioni 5. Rais Roosevelt wa Marekani alipoagiza dhahabu irudishwe mwaka 1933 nyingi ziliyeyushwa, lakini zilizokuwa kwenye benki za nje zikapona kwa wingi. Kampuni za kupanga daraja kama PCGS na NGC hutumia kipimo cha 1 hadi 70, na yenye ulehemu haipewi namba, inaandikwa tu kuwa imeharibika. Ada ya kuipeleka itakula faida yote. Ingekuwa CC, au O ya 1854 au 1856, ningesema tofauti kabisa, hata ikiwa na kitanzi.

Kitanzi kiache. Kukikata kunahitaji tupa, na tupa inakula meno ya ukingo. Kovu halirudishi thamani, linaondoa gramu tu. Kama ina mafuta ya mwilini, izamishe kwenye asetoni safi dakika chache, itoe, ijikaushe yenyewe. Dawa ya kutoa rangi ya kucha usitumie, ina manukato na mafuta. Usiihifadhi kwenye mfuko wa plastiki laini wa PVC, huacha utando wa kijani, hasa kwenye joto. Karatasi kavu ndani ya kikasha kigumu inatosha.

Piga picha pande zote mbili na ukingo, pamoja na kioo cha mizani kikisomeka, kabla hujaipeleka kwa mnunuzi yeyote. Na akiipima, isitoke machoni pako.